Rangi si Hatia

Kwa miaka mingi watu wa Usangu wamekuwa wakivuna mpunga na kuugeuza kuwa ada ya shule. Mkulima wa Ubaruku hupanda, hupalilia, huamia ndege tangu alfajiri hata magharibi, na akiisha kuuza mavuno yake, fedha nyingine hununua mabati na nyingine humpeleka mtoto darasani. Wako wazazi katika Mikoa ya Mbeya na Iringa ambao watoto wao wamefika hata vyuo vya ng'ambo, na hasa vya India, kwa kuwa ada ya huko ni nafuu kuliko ya Uingereza au Marekani. Mzazi huyo hana ubalozi wala hana gazeti. Mwanawe akionewa katika mji wa mbali, mwenye kumsemea ni Serikali. Kwa hiyo twapenda leo kuuliza: Serikali inapojibu kwa ajili ya mwanafunzi aliyedhulumiwa kwa sababu ya rangi yake, yapasa ijibu namna gani? Na Serikali ya nchi alikodhulumiwa yapasa iseme nini?

Tuanze na kisa ambacho Watanzania wengi wangali wanakikumbuka. Usiku wa Jumapili, tarehe 31 Januari 2016, pembezoni mwa mji wa Bangalore katika Jimbo la Karnataka, gari lililoendeshwa na mwanafunzi wa Sudan lilimgonga mama mmoja mwenyeji wa pale, akafa. Msiba huo ulikuwa mkubwa, na sisi hatuupunguzi hata kidogo. Mama yule alikuwa na mume na jamaa zake, na kifo chake kilistahili kuulizwa mbele ya sheria. Lakini muda mfupi baadaye likapita gari jingine, na ndani yake walikuwamo wanafunzi wengine Waafrika, akiwamo msichana Mtanzania wa miaka 21. Hao hawakuwa wamemgonga mtu. Kundi la watu likawatoa garini, likawapiga, likamrarulia msichana yule nguo zake hadharani, na gari lao likatiwa moto.

Kosa lao lilikuwa moja tu: walifanana rangi na yule aliyeshika usukani wa gari la kwanza. Kutoka Khartoum mpaka Mbeya ni safari ya siku nyingi, lakini machoni pa kundi lile miji hiyo miwili ilikuwa nyumba moja, na kila aliyetoka humo alikuwa mdaiwa wa damu ya mama yule.

Majibu ya wakuu yalikuja, nayo hayakufanana. Waziri wa Mambo ya Nje wa India wakati huo, Bibi Sushma Swaraj, alitangaza kwamba Serikali yake imeumizwa sana na tukio hilo la aibu, akaitaka Serikali ya Karnataka iwalinde wanafunzi wa kigeni na kuwaadhibu wakosaji. Maneno hayo yalikuwa ya kiungwana, na twayashukuru. Lakini Waziri wa Mambo ya Ndani wa Jimbo hilo, Bwana G. Parameshwara, alisema kwamba halikuwa shambulio la ubaguzi wa rangi. Kwa maoni yake ilikuwa ni ghadhabu iliyozuka kwa sababu ya ajali.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji wetu atue na kupima. Ni kweli kwamba ajali huzusha ghadhabu. Lakini ghadhabu ya usiku ule ilikuwa na macho. Haikumwangukia kila dereva aliyepita njia ile, wala haikumwangukia mwenye duka, wala mwendesha pikipiki. Ilichagua. Iliwaacha wengine wapite salama, ikamkamata msichana ambaye hakuwa na hatia yoyote, na alama iliyomtambulisha kwake ilikuwa ngozi yake. Ghadhabu inayochagua mtu kwa ngozi yake ndiyo inayoitwa ubaguzi wa rangi. Haina jina jingine. Waziri aliyesema kwamba ilikuwa ni hasira tu alieleza moto ulivyowashwa, lakini hakueleza kwa nini nyumba iliyoteketea ilikuwa ya mtu mwingine.

Huenda mtu akatuuliza: neno lina faida gani, ikiwa wakosaji wanakamatwa? Lina faida kubwa. Daktari akiita malaria mafua, mgonjwa atapewa dawa ya mafua, naye atarudi kesho akiwa na homa ileile. Polisi wakiambiwa kwamba walipambana na hasira ya ajali, watajifunza kuongoza magari. Wakiambiwa kwamba walishindwa kumlinda mgeni aliyepigwa kwa sababu ya rangi, watajifunza kumlinda mgeni. Msichana yule alieleza kwamba polisi aliowakimbilia hawakumpa msaada aliouhitaji, na shauri lake lilishughulikiwa kwa nguvu baada ya magazeti ya India yenyewe kulitangaza. Basi na tuseme wazi: waandishi wa habari wa Bangalore walimtendea haki binti yetu kabla ya ofisi za dola kumtendea.

Serikali yetu ilifanya nini? Ubalozi wetu mjini New Delhi haukunyamaza. Ulilalamika kwa Serikali ya India na kudai waliotenda uovu ule wafikishwe mbele ya sheria. Balozi wetu wa wakati huo, marehemu John Kijazi, ambaye mwezi wa Machi mwaka huohuo aliteuliwa kuwa Katibu Mkuu Kiongozi, alifunga safari mwenyewe mpaka Bangalore pamoja na maofisa wa wizara ya nje ya India, akaonana na wanafunzi. Watu kadhaa walikamatwa, na baadhi ya maaskari wa polisi walisimamishwa kazi. Hatusemi kwamba yote yalikwisha vizuri. Aibu aliyotiwa msichana mbele ya umati haifutwi na barua. Lakini twasema kwamba balozi aliyeondoka mezani kwake akaenda kuketi na wanafunzi aliitenda kazi aliyotumwa.

Wako wanaoogopa kwamba kusema kweli kutavunja urafiki wa mataifa. Hofu hiyo haina msingi. Tarehe 10 Julai 2016, miezi mitano tu baada ya tukio lile, Waziri Mkuu wa India, Bwana Narendra Modi, alikuwa Dar es Salaam akipokewa na Rais John Magufuli. Mwezi wa Oktoba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizuru India, na Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru kikamtunukia shahada ya heshima. Mwaka huohuo chuo mashuhuri cha ufundi cha India, kile cha Madras, kilifungua tawi lake Zanzibar. Urafiki unaokatika kwa sababu rafiki mmoja amesema ameumia haukuwa urafiki tangu mwanzo.

Lakini kisa cha Bangalore hakikuwa cha mwisho. Mwezi wa Mei 2016 kijana mmoja wa Kongo aliuawa mjini Delhi kwa kupigwa. Mabalozi wa nchi za Afrika walioko huko walisimama pamoja. Walitaka sherehe za Siku ya Afrika ziahirishwe, wakasema kwamba watazishauri Serikali zao zisipeleke wanafunzi wapya India mpaka usalama wao upate uhakika. Katika siku zizo hizo Waafrika wengine wakapigwa mjini humo, na Naibu Waziri wa Mambo ya Nje wa India, Jenerali mstaafu V. K. Singh, akasema kwamba magazeti yamekuza ugomvi mdogo na kuufanya shambulio juu ya Waafrika.

Mwezi wa Machi 2017, katika mji wa Greater Noida ulio jirani na Delhi, kijana mwenyeji alifariki dunia, na uvumi ukaenea kwamba Wanigeria ni wala watu na wauza dawa za kulevya. Wanafunzi wa Kinigeria wakashambuliwa, mmoja akapigwa hata ndani ya jumba la maduka mbele ya watu. Mabalozi wa Afrika wakatoa tamko kwamba matendo hayo ni ya chuki kwa wageni na ya ubaguzi wa rangi, wakapendekeza yachunguzwe na Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Bibi Swaraj akalijibu tamko lile Bungeni kwa masikitiko, akikataa mambo hayo yaitwe ubaguzi kabla ya uchunguzi kwisha.

Yaani kila mara jibu liligeuka katika hatua ileile: huruma ilitolewa, ulinzi uliahidiwa, lakini jina la ugonjwa lilikataliwa.

Twastaajabu zaidi tunapokumbuka kwamba India yenyewe imepata kusimama pale tuliposimama sisi. Mwaka 2009 wanafunzi wa Kihindi walipigwa na kunyang'anywa mali mara kwa mara katika mji wa Melbourne, nchini Australia. Polisi wa Jimbo la Victoria walishikilia kwamba wahalifu wengi walitafuta mali tu, na kwamba wanafunzi wale walikuwa mawindo mepesi kwa kuwa walisafiri usiku peke yao. Wakashauriwa wasizungumze lugha yao kwa sauti kubwa ndani ya garimoshi, wala wasioneshe vitu vyao vya thamani. Msomaji, fikiri maana ya shauri hilo: aliyepigwa anaambiwa apunguze sauti, ili apigaye asijue kwamba yupo.

India haikukubali. Maelfu ya wanafunzi waliandamana Melbourne mwishoni mwa mwezi wa Mei 2009. Waziri Mkuu Manmohan Singh alilizungumza jambo hilo Bungeni kwa uchungu. Mwigizaji Amitabh Bachchan, anayependwa hata katika majumba yetu ya sinema, aliikataa shahada ya heshima aliyokuwa atunukiwe na chuo kikuu kimoja cha Australia. Mwezi wa Januari 2010 kijana Mhindi wa miaka 21 alichomwa kisu mjini Melbourne akafa, na hasira ikapanda. Gazeti moja la Delhi likachapa katuni iliyomwonesha polisi wa Victoria amevaa kofia ya Ku Klux Klan, lile kundi la Marekani linalowachukia watu weusi. Bibi Julia Gillard, aliyekuwa akikaimu nafasi ya Waziri Mkuu wa Australia, akailaani katuni ile.

Hapo mwenye haki alikuwa nani? Kwa maoni yetu, wanafunzi wa Kihindi walikuwa na haki ya kulalamika, na Serikali yao ilikuwa na haki ya kuwasemea. Gazeti lile lilipita mpaka, kwa maana liliwahukumu polisi wote kwa kosa ambalo halikuwa limethibitishwa juu yao. Lakini neno ambalo India ililidai kwa Australia mwaka 2009, kwamba mtu asiseme ni wizi tu bila kwanza kutazama rangi ya anayeibiwa, ndilo neno ambalo Afrika ililidai kwa India mwaka 2016 na 2017. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Aliyewahi kuchomwa na mkuki huo angepaswa kuujua kabla ya mtu mwingine.

Sasa tukiishia hapa, tutakuwa tumeandika makala ya kuwapendeza wasomaji wetu, nayo itakuwa nusu ya kweli. Na sisi je?

Tazama maneno ambayo magazeti yetu huyatumia. Mwizi wa kuku akiuawa mtaani, huandikwa kwamba aliuawa na wananchi wenye hasira kali. Lori likimgonga mtoto katika barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya, na dereva akapigwa kabla polisi hawajafika, huandikwa vivyo hivyo. Tumeyazoea maneno hayo hata hatusikii tena yanavyosema: kwamba hasira ni hukumu, na kwamba umati ni mahakama. Ni neno lile lile alilolisema Waziri wa Karnataka. Tukilikataa likitoka Bangalore, hatuwezi kulichapa likitoka Igawa au Chimala.

Tena tuwe wakweli kuhusu kurasa kama hizi zetu. Katika miaka ya 1960 magazeti ya Kiswahili, yale ya Chama na yasiyo ya Chama, yalipiga vita unyonyaji, na vita hivyo vilikuwa vya haki. Lakini mara nyingi kalamu iliteleza. Maneno ya mirija na kupe, yaliyokusudiwa kumtambulisha mtu kwa matendo yake, yakawa ni jina la kila Mhindi mwenye duka, hata yule aliyeuza chumvi na viberiti kutoka asubuhi hata usiku. Na jambo hili ni la ajabu zaidi kwa sababu gazeti la Ngurumo, lililosomwa sana na wafanyakazi wa Dar es Salaam wakati ule, lilikuwa mali ya mpiga chapa mwenye asili ya Kihindi, Bwana Randhir Thaker. Mfanyakazi anajua kwamba mnyonyaji hutambulika kwenye malipo ya mwisho wa mwezi. Anaweza kuwa mweupe, mweusi au maji ya kunde. Atakayemtafuta kwa rangi atampiga asiye na hatia, na mnyonyaji wa kweli atapita nyuma akicheka.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa ng'ambo, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, tangu 1949 mpaka 1952, na alijua maana ya kuwa mgeni katika mji wa watu. Mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge lilipojadili sheria ya uraia, walikuwapo waliotaka uraia utolewe kwa kutazama rangi. Aliwapinga kwa ukali, akawafananisha wenye kuitukuza rangi na Hitler na Verwoerd, akasema kwamba Serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kulikubali jambo hilo. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, na wengi katika Afrika wakamshangilia, Mwalimu aliliita tendo hilo kwa jina lake: ubaguzi wa rangi. Hakungoja kwanza auonje mkuki. Kwa sababu hiyo Tanzania inapolalamika mbele ya mataifa juu ya watoto wake, inalalamika ikiwa na uso wa kutazama watu. Uso huo tusiupoteze.

Na watu wa Ubaruku wanao ushahidi wao wenyewe, nao hawana haja ya kusafiri kuutafuta. Katika enzi za ukoloni walifika Usangu Wabaluchi, watu wenye asili ya Asia, wakalima mpunga kwa kumwagilia maji ya mito, na kilimo hicho kikaenea. Katika miaka ya 1970 wakaja wataalamu wa Kichina, wakajenga shamba kubwa la Mbarali, na wengine wakaipitisha reli ya TAZARA katika nchi hii. Yapo malalamiko juu ya ardhi na maji ya Usangu, nayo ni malalamiko mazito, lakini hakuna mtu mwenye akili ambaye angesema kwamba mgawanyo wa maji utapatikana kwa kutazama rangi za ngozi za wenye mashamba. Mfereji haujui kabila. Mwenye kuufunga usiku ili wenzake wakose maji ni mkosaji, awe nani awaye.

Basi twasema nini? Kwanza, twaitaka Serikali yetu iendelee kumsemea kila mwanafunzi wake aliyeonewa ugenini, awe mtoto wa mkulima au wa mkubwa, na isiridhike na majibu ya huruma peke yake. Iombe ulinzi, iombe mashtaka, na tena iombe jina la kosa litajwe. Balozi zetu zijue wanafunzi wetu wako wapi kabla ya siku ya msiba, na mwanafunzi ajue mlango wa kubisha.

Pili, twazitaka Serikali rafiki zitambue kwamba hatuwashtaki watu wao wote. India ina mamilioni ya watu wema, na wagonjwa wetu wengi wamerudi kutoka hospitali zake wakiwa wazima. Kusema kwamba kundi fulani lilitenda ubaguzi usiku fulani si kulitukana taifa. Kinachoitia nchi doa ni kukana jambo ambalo aliyepigwa analiona katika mwili wake.

Tatu, twajitaka sisi wenye kalamu. Tuchape habari ya mnyonge upesi, kama walivyofanya waandishi wa Bangalore. Tusichape uvumi wa wala watu. Tusiliite kundi la wauaji wananchi. Na siku gari litakaloendeshwa na Mhindi, Mchina au Msomali litakapomgonga mtu wetu barabarani, tumwandike dereva huyo kwa jina la kosa lake, na tuwaache ndugu zake wapite salama.

Nne, twawasihi wazazi wa Ubaruku na wa kwingineko wasikate tamaa. Mpunga na uendelee kuwa ada. Elimu ya ng'ambo ni njia ambayo mataifa yote yamepita, na njia haiachwi kwa sababu ya mwiba mmoja; mwiba hung'olewa. Msichana yule wa Bangalore alikuwa amekwenda kusoma. Alikuwa na haki ya kutembea usiku ule kama mtu yeyote wa mji ule. Haki hiyo ndiyo tunayomdai kila mgeni wetu aipate hapa, na kila mtoto wetu aipate huko alikokwenda.